Kidole cha Bwana Swai

Kitabu nilikipata Kiboriloni, chini ya rundo la makoti,
elfu mbili na mia tano, jalada limenyofoka kona.
Muuzaji alidhani ni cha sala.
Ndani: miaka arobaini ya Ndelilio Urio,
vijimakala vyake vyote vya Jumamosi
na mashairi aliyoyaita vikohozi,
kwa kuwa, anasema, humtoka mtu bila kukusudia
na hasa kanisani.

Nakisomea hapa mashineni, Majengo,
kati ya debe na debe.
Unga unatua juu ya maneno. Napuliza,
sentensi inachomoza kama mtoto aliyejificha uvunguni.
Ukurasa wa tisa yumo yule bwana wa Desemba
aliyepanda kutoka Dar na gari la kuazima,
akaliosha mara tatu kwa siku
ili asipatikane nafasi ya kumwuliza amejenga wapi.
Nilicheka hadi Teri akazima mota,
akidhani nimenaswa na mkanda.

Kisha hiki:

*Mlima una aibu, wageni wakifikia,*
*Hujifunga taratibu, shuka la kujilalia,*
*Wakiaga kwa ghadhabu, ndipo huwachungulia.*

Nikatoka nje kuhakikisha.
Kweli. Shuka limevutwa hadi kidevuni.

Si vyote vizuri. Vya miaka ya mwisho vinachechemea,
mkewe anachekwa kupita stahili yake,
na kuna kimoja cha dawa ya meno
ambacho hata mwenyewe, nadhani,
alikiandika kwa sababu ya kodi ya nyumba.
Nikaviruka vinne, vitano,
nikaangukia ukurasa wa mia na kumi na mbili.

*Mzani wa bwana Swai, una siri ya mkono,*
*Gunia halikatai, huinuka bila neno,*
*Kidole nacho hudai, nacho kina yake meno,*
*Na mkulima hadai, ashukuru kwa mguno.*

Bwana Swai ni baba yangu.
Alipima kahawa ya watu Machame, msimu kwa msimu,
na mimi nilikuwa darasa la pili kikohozi hiki kilipotoka.
Watoto walikiruka nacho kamba.
Mama hakwenda sokoni mwezi mzima.
Baba alilikunja gazeti mara nane,
akalitia mfuko wa shati, akaenda kazini.
Urio alipokufa nilikuwa mezani;
redio ikatangaza, nikaongeza mchuzi.

Leo nimeona, chini ya shairi,
herufi ndogo kama chawa wa kuku:

"Hiki aliniletea mwenyewe.
Alikuja kwa baiskeli, mvua ya Aprili, akakaa kwenye benchi,
maji yanamchuruzika hadi sakafuni kwangu.
Akasema, Bwana Urio, ninaiba na nimeshindwa kuacha.
Niandike, huenda nikaona haya.
Nikamwuliza, jina nilibadilishe?
Akasema, ukilibadilisha nitacheka kama wengine."

Basi. Hakuandika kama dawa iliponya.
Nimepuliza ukurasa ule tena na tena,
hauna unga wowote.

Ila nakumbuka, tangu mwaka ule,
baba alipima mikono ikiwa nyuma,
ameifumbata mgongoni kama mchungaji anayesubiri kwaya imalize,
na karani ndiye aliyegusa mawe.
Sisi tulidhani ni kiuno.
Tulimnunulia dawa ya kuchua, chupa kwa chupa,
mama akamkanda kila usiku kwa majani ya moto,
naye akalala kifudifudi, akakubali,
akaguna panapopasa kugunwa.

"Unacheka nini?" Mama Anansia ameweka debe lake la mahindi.
"Mzani umekosea?"
Sikujua kama nilikuwa nacheka.
Nimetazama sindano, kisha chini ya sindano,
mkono wangu wa kushoto ulipokuwa umepumzika.